Mzee Wangu Hataki

Juzi nilimsikia mwanangu mkubwa akizungumza kwenye simu uani. Kuna watu wanataka kupitisha bomba la maji kwenye kiwanja changu, naye, kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitumia wakimsema mgonjwa, alikuwa akiwaambia: "Kwa upande wangu hakuna shida. Shida ni mama. Unajua tena wazee, mambo mapya hawayataki." Mimi nilikuwa dirishani napepeta mchele. Habari ya bomba sijaulizwa na mtu. Maji nayachota kwa jirani tangu nihamie hapa, na bomba hilo lingepita hata chini ya kitanda changu ningelikaribisha kwa chai. Niliendelea kupepeta, kwanza kwa sababu nilitaka kusikia uongo utafika wapi, pili kwa sababu nilianza kucheka peke yangu. Maneno yale niliyajua. Niliyasikia nikiwa msichana, na bingwa wa kuyasema alikuwa baba yangu mzazi.

Baba wakati wa uhuru alikuwa kijana asiyeshikika. Nilikuwa mdogo, lakini shati lake la kijani la vijana wa chama nalikumbuka kuliko hata uso wake wa siku zile, maana lilianikwa kila jioni juu ya miiba ya zizi na sisi watoto tulikatazwa kulisogelea. Alikuwa akienda kwa miguu mpaka Ikungi kwenye mikutano na kurudi sauti imekauka. Akifika nyumbani hakupumzika. Aliendelea kutuhutubia sisi, ng'ombe, na babu. Tembe, alisema, ni nyumba ya giza, na watu huru hawawezi kulala chini ya paa la udongo pamoja na ndama. Samadi ni utumwa, serikali italeta mbolea ya viwandani, nyeupe kama chumvi, na wanawake wataacha kubeba kinyesi kichwani. Pombe inarudisha taifa nyuma. Wazee wanalirudisha nyuma kuliko pombe. Na siku moja tutakaa wote mahali pamoja, tutalima pamoja, na ng'ombe watakuwa wa wote.

Babu alimsikiliza huku akichonga mpini wa jembe. Siku moja aliuliza swali moja tu, kwamba huyo ng'ombe wa wote akivimba kiwele atakamuliwa na nani. Baba akajibu swali jingine ambalo halikuulizwa. Ndipo babu akasema maneno yaliyomuudhi baba kuliko tusi: "Wewe bado mtoto. Ukikua utaelewa." Baba wakati huo alikuwa na mke na watoto. Alitoka nje akapiga teke kibuyu cha maziwa, na aliyekuja kusafisha ni bibi.

Msomaji asiyetoka kwetu lazima aelezwe habari ya samadi, maana bila samadi siasa yetu hataielewa. Ardhi yetu ni ya kichanga. Ukipanda uwele hivi hivi, utavuna mabua membamba na pole za majirani. Kwa hiyo zamani kila mtu alijenga tembe lake katikati ya shamba lake, mbali na mwenzake, ng'ombe wakalala hapo hapo, na kila mwaka kabla ya mvua wanawake wakabeba samadi kwa vikapu kuimwaga kuizunguka nyumba. Udongo uliolishwa namna hiyo miaka na miaka hubadilika. Unakuwa mweusi, unashika maji, na uwele wake unamfunika mtu mrefu. Kaya ya babu ilikuwa na udongo wa aina hiyo. Wapita njia walisimama kuutazama, kama watu wa sasa wanavyolitazama gari jipya la jirani.

Kisha babu akafariki. Akazikwa kando ya zizi, kama ilivyomstahili mwenye kaya, na baba akarithi kila kitu alichokuwa akikihutubia.

Sijawahi kuona mtu akizeeka haraka namna ile. Misimu miwili haikupita baba akawa na fimbo, na mguu wake ulikuwa mzima kabisa. Akawa na kikohozi cha kutanguliza kabla ya kusema neno. Akaanza kusema "vijana wa siku hizi", na vijana wenyewe walikuwa wamezaliwa muda mfupi tu baada yake. Lile shati la kijani likaishia kufunikia mtungi wa pombe, na mtungi huo aliutembelea kila jioni kuona kama umechacha. Jioni nyingine alisimama ukingoni mwa shamba, akachota udongo kiganjani, akaunusa. Arobaini alikuwa bado hajaifikisha.

Nimewasikia wasomi wakisema kwamba umri ndio unaomtia mtu hofu ya mageuzi. Nywele zikiwa nyeusi anataka kuipindua dunia, zikiwa nyeupe anataka dunia inyamaze yeye alale. Labda huko kwao. Kwetu nilichokiona ni kwamba asiye na zizi anapenda mageuzi na mwenye zizi anapenda desturi. Nywele za baba zilikuwa nyeusi tii.

Basi amri ikaja. Watu wote wahamie vijijini. Kijiji chetu kilipangwa kando ya barabara kuu, upande wa Ihanja, nyumba zikae kwa mistari, na tuliahidiwa shule, zahanati na kisima. Ilikuwa ni ile ile hotuba ya baba, neno kwa neno, ila sasa ilikuwa na lori.

Baba alinaswa. Kusema hataki asingeweza, kwa sababu kadi ya chama alikuwa nayo, na eneo zima lilikumbuka ni nani aliyekuwa akipiga kelele za kukaa pamoja. Kusema anataka asingeweza pia, maana udongo mweusi haupakiwi kwenye lori. Balozi wa nyumba kumi alipopita kuuliza tutahama lini, baba alikohoa, akamkaribisha pombe, kisha akainamisha kichwa kwa huzuni. Alimwambia kwamba yeye binafsi yuko tayari hata kesho. Lakini mama yake mzazi ni mzee sana, na mzee hataki. Amesema haachi kaburi la mumewe.

Balozi naye akainamisha kichwa. Kwetu mtoto hambishii mzee. Hata mwenye cheo, akikutana na mwanamke mwenye mvi njiani, husimama akaamkia kwanza, vyeo vitafuata baadaye. Nani angethubutu kumtupa bibi kizee kwenye lori? Balozi akaandika anachokijua yeye, akamaliza pombe, akaenda kaya ya pili. Huko nako akaambiwa mwenye kaya yuko tayari, ila mzee wake hataki. Kaya ya tatu, hivyo hivyo. Ghafla eneo letu likawa na wazee wakaidi kuliko mahali popote nchini. Hata wazee ambao miaka yote hawakupewa kigoda cha kukalia walipewa maoni.

Jirani yetu mmoja alikuwa yatima wa pande zote mbili. Hakukata tamaa. Alikwenda Iramba akarudi na shangazi yake, kikongwe ambaye alikuwa hajamtembelea tangu aoe, akamkalisha mlangoni kwenye ngozi safi. Shangazi alizungumza Kinyiramba tu, na lolote alilolisema, jirani alilitafsiri kuwa hataki. Nadhani mara nyingi alikuwa akiomba maji. Lakini alilishwa maziwa asubuhi na jioni, akanenepa, na sikusikia kwamba alilalamika.

Mama yangu yeye alikuwa na umri usiofaa kitu. Hakuwa mzee wa kutosha kuwa kisingizio, na hakuwa mwanamume wa kuombwa rai. Aliendelea kubeba samadi.

Sasa nimseme bibi, maana habari hii ni yake. Bibi hakukataa kuhama. Hakuna aliyemuuliza, na angeulizwa angesema ndiyo kabla swali halijaisha. Alikuwa ameolewa kwenye kaya ile akiwa binti, na tangu hapo alilala chumba kimoja na ndama, akaamka na ndama, na mchana wote watu wakiwa shamba au malishoni alibaki na ndama. Kaya ya jirani ilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia, hivyo kwenda huko peke yake hakuweza tena. Aliniambia mimi, tukiwa juu ya paa tunaanika mlenda, kwamba kitu kimoja tu alikuwa anakitaka kabla hajafa: kukaa mahali ambapo watu wanapita. Asikie nyayo. Asikie mtu anamgombeza mtoto wake. Akisema neno, mtu amjibu.

"Hapa nazungumza na ndama," aliniambia. "Nimezungumza nao maisha yangu yote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunijibu."

Alikuwa amefunga mizigo yake. Iliwekwa nyuma ya ghala la nafaka, ndani ya ngozi ya ng'ombe, imekazwa kwa kamba: vibuyu, vyungu viwili, kanga ya kuzikiwa, na pembeni jiwe la kusagia ambalo alisema hatalimwachia mtu. Baba aliipita mizigo ile kila siku. Alidhani ni takataka za kizee.

Kisingizio kile kilimsaidia baba msimu mmoja, na wa pili. Halafu akaja katibu mpya, kijana kutoka mkoa wa mbali, amevaa suti ya mikono mifupi na viatu ambavyo mchanga wetu ulivimaliza haraka. Wenyeji walimwambia hali ilivyo, kwamba wazee wamekataa. Yeye kwa ugeni wake akafanya jambo ambalo hakuna mwenyeji aliyelifikiria: aliamua kwenda kuwauliza wazee wenyewe. Alianza na kaya yetu, kwa sababu bibi alisifika kuwa mkaidi kuliko wote.

Aliketi kwenye kigoda mbele ya bibi, akaamkia shikamoo, akapewa marahaba. Baba alijitolea kutafsiri, maana bibi nyumbani hakuwahi kusema ila Kinyaturu. Jambo moja baba alilisahau, au hakuwahi kujali kulijua. Bibi akiwa binti, ile reli ya kuja Singida ilipokuwa inajengwa, alikuwa akiwauzia vibarua pombe. Reli ilikuja kung'olewa, lakini Kiswahili chake kilibaki.

Katibu alisema kwamba serikali inawaheshimu wazee, haikuja kumlazimisha, imekuja kumsikiliza. Baba akamgeuzia bibi kwa Kinyaturu kwamba mgeni anaulizia magoti yako. Bibi akajibu kwa Kinyaturu hicho hicho kwamba magoti yatapona yakipanda lori. Baba akamgeukia katibu, akashusha pumzi.

"Anasema hawezi kuliacha kaburi la mume wake," alisema. "Ndivyo walivyo wazee wetu, ndugu katibu. Tunajitahidi kuwaelimisha."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. Niliuma upindo wa kanga nisicheke. Bibi alisogeza fimbo yake pembeni, akamwelekea yule kijana, na Kiswahili cha vibarua wa reli kikamtoka kana kwamba alikisema jana.

"Mwanangu, huyu anasema ya kwake. Mume wangu alishakufa, hawezi kuniuliza nimekwenda wapi. Mimi mizigo nimefunga tangu kiangazi cha mwaka jana. Hilo lori linakuja lini?"

Kikohozi cha baba kilikuja wakati huo, na safari hii kilikuwa cha kweli.

Lori lilikuja. Bibi alikataa kupandishwa nyuma pamoja na vitanda, akaketi mbele kwa dereva na jiwe lake la kusagia mapajani. Baba alibaki akisema atafuata akimaliza shughuli. Lakini mwanamume ambaye mama yake anakaa peke yake kijijini anatungiwa nyimbo za pombeni, na hazikuchelewa kutungwa. Kubwa zaidi, habari zilizifikia kaya nyingine. Wazee wengine wakaanza kuuliza mbona wao hawajaulizwa, na wawili watatu kumbe nao walikuwa wamechoshwa na ndama. Siwezi kusema wote. Wapo walioapa kweli kwamba hawatoki, na nyumba zao ziliezuliwa na mgambo, wenyewe wakiwa wamekaa ndani, na hilo sikulicheka wakati ule wala silicheki sasa. Ila wazee wale hawakuwa wamesemewa na mtu. Walikuwa wamesema wenyewe, na hapo ndipo heshima kwa wazee ilipoishia.

Baba alihama kwa mkokoteni wa ng'ombe, akipakia samadi. Safari kadhaa alizifanya mchana kweupe, na aliyemuuliza alijibiwa kuwa ni udongo wa kukandikia nyumba. Nyumba yetu mpya kijijini ikawa na shamba dogo jeusi mbele yake, na nzi kuliko nyumba yoyote ya mstari ule. Mchanga uliimeza samadi yote katika mvua moja. Mwaka uliofuata mvua zenyewe zilikuwa haba, tukala unga wa njano wa msaada, na watu walioanza kunung'unika walipofika mlangoni kwa bibi walipunguza sauti, kana kwamba yeye ndiye aliyetoa amri nchi nzima ihame.

Baba naye hakukawia kugundua kwamba ana mama mwenye thamani. Viongozi walikuwa wakimtaja bibi kila mahali: hata ajuza yule amekubali! Baba akaanza kusimulia jinsi alivyombembeleza. Jinsi alivyokaa naye jioni baada ya jioni akimweleza faida za kuishi pamoja, mpaka moyo wa kizee ukalainika. Alisimulia vizuri, kwa fimbo na kikohozi, na kijiji kilipohitaji mwenyekiti wakamchagua yeye. Shati jipya la kijani likashonwa. Kila tulichokisikia utotoni kikarudi, tembe la giza na samadi ya utumwa, na aliyasema haya huku akijua kabisa kwamba kila Jumamosi anapotea kwenda kulima mahame yetu kule, udongo mweusi ulikobaki.

Bibi hakumjali. Alikuwa amepata alichokitaka. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, karibu na barabara, na kutwa alikaa mlangoni akisikiliza. Mabasi ya Dodoma aliyajua kwa mngurumo. Wanawake waliokwenda kutafuta maji walipumzika kwake, wakagombana kwake, wakapatana kwake. Aliandikishwa darasa la watu wazima ingawa ubao hakuuona, akawa anajifunza kwa kusikia, na akikosea aliwalaumu walimu. Alikuwa na malalamiko yake pia, tena mengi. Paa la tembe lilikuwa bapa, mtu aliweza kuanika mlenda na nafaka juu yake, lakini nyumba hizi za mistari zilikuwa na paa la nyasi la mteremko lisiloanika kitu. Akatafuta sehemu bapa kijijini, akaikuta moja tu, nayo ni kibaraza cha saruji cha ofisi ya chama. Mlenda wake ukaanikwa hapo. Mwenyekiti, mwanawe, alilazimika kuuruka kila asubuhi akiingia kazini.

Siku wageni wa mkoa walipokuja kukagua, bibi alitolewa mbele ya mkutano. Baba alisimama, akaeleza kwa kirefu kazi aliyoifanya ya kumwelimisha, kisha akamwomba mzee aseme neno la shukrani kwa taifa. Bibi alisimama kwa fimbo. Alisema shukrani anazo, kwa sababu sasa akisema neno anajibiwa. Aliuliza kisima kilichoahidiwa kiko wapi, maana bado wanawake wanayafuata maji mbali kuliko walikotoka. Halafu akasema jambo la mwisho, na alilisema mara mbili ili lisikike mpaka nyuma.

"Nikifa, mnizike hapa hapa, karibu na barabara. Msinirudishe kule kwa ndama."

Watu walipiga makofi. Wazee wa kiume waliokuwa mstari wa mbele, ikiwa ni pamoja na yule jirani aliyeazima shangazi, walipiga makofi kuliko wote. Mgeni mmoja alisema huo ndio moyo wa mapinduzi. Baba alipiga makofi pia.

Miaka ikaenda, mambo yakalegea. Hakuna aliyetangaza kwamba watu warudi, ila wanaume wengi sasa walikuwa wakilima mahame yao bila kujificha, na kila mmoja akawa na wasiwasi kwamba mwenzake atamtangulia kwenye udongo mzuri. Mgambo hakuwa tatizo tena. Tatizo lilikuwa nani ataamini kwamba shamba lile bado ni lako, wakati wewe mwenyewe umeonekana kwa macho ukikaa kwingine miaka yote hiyo. Kwetu hoja ya ardhi huamuliwa na makaburi. Kaburi la zamani linasema mliwahi kukaa hapa. Kaburi jipya linasema hamjahama.

Bibi akafariki wakati wa kiangazi, mlangoni kwake, wanawake wakiwa wameketi naye wakibishana juu ya bei ya vitunguu. Mmoja wao alidhani amenyamaza kwa sababu amekubali. Mimi nilikuwa nimeshaolewa wakati huo. Niliitwa nikafika na mwanangu mgongoni, yule yule ambaye sasa ananisemea kwenye simu. Nilikuta mkokoteni umeshafungwa ng'ombe. Nilidhani ni wa kuleta kuni za msiba.

Walimpakia bibi kwenye mkokoteni ule ule uliobeba samadi. Safari ilikuwa ndefu, barabara tukaiacha nyuma, nyumba tukaziacha, mpaka tukawa hatusikii kitu ila magurudumu. Tembe lilikuwa limeshaanguka, paa limelala chini na majani yameota juu yake. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, kando ya la babu, pale zizi lilipokuwa. Nilipoliona nilikasirika. Bibi alikuwa ameomba kitu kimoja tu maishani mwake.

Baba alisimama kwenye ukingo wa kaburi. Alikohoa. Alisema kwamba mama yake alikuwa mtu wa zamani, mtu wa desturi, na wazee hawabadiliki. Alisema kijijini alikaa kwa kuitii serikali tu, lakini moyo wake ulibaki hapa siku zote, na neno lake la mwisho kwake yeye lilikuwa kwamba arudishwe nyumbani kwa mumewe. Nikawatazama wale wazee wa mstari wa mbele. Wote walikuwepo siku ile ya mkutano. Wote walitikisa vichwa kukubali, polepole, kwa heshima, na kila mmoja alikuwa na mahame yake na mgonjwa wake nyumbani. Yule jirani mwenye shangazi alisema kwamba hata yeye alimsikia marehemu akisema hivyo.

Mwanamke hasemi kaburini. Mimi nikasema. Sikupaza sauti, nilimwambia baba, watu wakisikia, "Bibi alisema azikwe kijijini karibu na barabara. Alisema mara mbili, na wewe ulipiga makofi."

Nilitegemea angekasirika. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeshika kisu kwa upande wa makali, na nikaona kwamba alikuwa amejiamini kabisa, kwamba pengine kufikia siku ile alikuwa ameshausikia kwa masikio yake mwenyewe huo wosia ambao haukutolewa.

"Wewe bado mtoto," alisema. "Ukikua utaelewa."

Akachukua jembe, akatupia udongo wa kwanza. Ulikuwa mweusi.

Nimekua. Umri wa baba wa siku ile nimeupita zamani, na wa bibi naukaribia. Mwaka uliofuata mazishi yale, baba alipanda uwele mpaka ukingoni mwa kaburi, na ulistawi kuliko wa mtu yeyote, na hakuna aliyekuja kumwambia kwamba shamba si lake.